Bafu moja kwa mama aliyepata kiharusi, watoto na ndugu wa kiti cha magurudumu

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 76. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, na mkono na mguu wake wa kushoto ungali dhaifu, kwa hiyo anatembea polepole kwa fremu ya kutembelea. Sasa anaishi nasi pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 4 na 11. Ndugu yangu anayetumia kiti cha magurudumu pia hutoka Ahero kuja kutuona karibu kila mwezi. Nyumba yetu haina ghorofa. Ina choo na bafu katika vyumba viwili vinavyopakana, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1, na milango ya sentimita 70. Choo kingine kipo nje, uani. Fundi anashauri tuweke vigae vipya na vyuma vya kushikia, basi. Je, inatosha? Mke wangu akiwa kazini hakuna wa kumwogesha mama, nami ni mwanawe wa kiume. Zaidi ya hayo, sitaki bafu letu lifanane na wodi. – Msomaji kutoka Mamboleo, Kisumu

Jibu: Kaka yangu, pole kwa ugonjwa wa mama, na umefanya vyema kuuliza kabla saruji haijamwagwa. Vyuma na vigae havitatosha. Hivyo viwili huja mwishoni, ilhali bado hujaamua yanayopaswa kutangulia: mama atapitaje mlangoni, atageukia wapi akishaingia, na ataketi na kuinuka vipi pasipo mtu wa kumshika. Katika bafu, yaliyofichika chini ya vigae na nyuma ya plasta ndiyo yanayoamua mambo, na ndiyo yanayogharimu sana kuyabadilisha baadaye. Bomba, kioo au kitasa unaweza kukibadilisha Jumamosi moja ukipenda.

Umegusia kwa staha kwamba wewe ni mwanawe wa kiume, na nadhani hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Mama anataka kuoga mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, nawe unataka kumhifadhia heshima hiyo. Basi kila pendekezo la fundi lipime kwa swali hilohilo moja: je, jambo hili litamwezesha mama kuoga bila kumwita mtu? Nitakujibu nikifuata kipimo hicho, na utaona kwamba linalomfaa mama litawafaa pia mtoto wa miaka 4, ndugu yako, na hata wewe siku utakayoteguka kifundo cha mguu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuubomoa ukuta unaotenganisha choo na bafu. Kiti cha magurudumu huhitaji duara la kugeukia lenye kipenyo cha sentimita 150, na hata fremu ya mama haigeuki vizuri katika chumba chenye upana wa mita 1.2 ambamo tayari kuna choo. Mkiutoa ukuta huo, ambao kwa kawaida una unene wa sentimita 15, mtapata chumba kimoja cha mita 2.1 kwa takribani 2.55. Kabla nyundo haijainuliwa, mhandisi au mwashi mwenye uzoefu aingie darini akague kama mbao za paa zinaegemea ukuta huo. Kama zinauegemea, itabidi kwanza kuweka boriti ya zege. Najua kwamba familia itapoteza nafasi ya mmoja kuoga huku mwingine akitumia choo, na asubuhi za shule hilo litahisiwa. Choo cha uani kitawasaidia wenye miguu mizima. Mama na ndugu yako hawana mbadala.

Sasa mpangilio. Kwa kuwa upande wenye nguvu wa mama ni wa kulia, kila anachohitaji kukishika kiwe mkono wake wa kulia anapokuwa ameketi. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: fundi hufunga chuma pale ambapo ukuta una nafasi, kisha mgonjwa analazimika kukivuta kwa mkono usioweza. Wekeni choo cha kukalia kwenye pembe ambapo, mama akiketi mgongo ukielekea ukuta wa nyuma, ukuta wa ubavuni utakuwa kuliani kwake. Kutoka ukuta huo hadi katikati ya bakuli la choo iwe sentimita 45. Upande wake wa kushoto uachwe wazi kwa angalau sentimita 90, ili ndugu yako aweze kukileta kiti chake sambamba na choo na kujihamisha kwa ubavu. Shawa iende upande wa pili wa chumba, na kikao cha kukunja kifungwe kwenye ukuta unaotazamana na ule wa ubavuni mwa choo. Hapo, mama akiketi, ukuta wa nyuma utakuwa tena kuliani kwake, na ndiko mabomba yatakapowekwa, mahali anapoweza kuyafikia bila kuinuka. Mlango mmoja uzibwe, na sinki likae pale ulipokuwa. Duara la kugeukia litaangukia katikati ya chumba na kuingia kidogo katika eneo la shawa, na hilo halina neno kwa sababu eneo hilo halitakuwa na kizingiti.

Mlango utakaobaki upanuliwe. Mlango wa sentimita 70, ukishaondoa fremu na unene wa ubao unapokuwa umefunguliwa, huacha nafasi ya sentimita 65 au pungufu. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa karibu hivyohivyo, na mikono inayoyasukuma magurudumu nayo inataka nafasi. Ubao wa sentimita 90 utawaachia zaidi ya 80 za kupita. Ufunguke kuelekea nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake huuziba na waokoaji hushindwa kuingia. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu. Mama atajifungia kwa faragha yake, na mtoto wa miaka 4 akijifungia ndani hamtavunja mlango.

Tuingie kwenye sakafu, na hapa nakuomba umsimamie fundi kwa makini kuliko mahali pengine popote. Mazoea ya mafundi wetu, kuanzia Kisumu hadi Nakuru, ni kuishusha sakafu ya bafu au kujenga ukingo mlangoni na mwingine kuzunguka shawa ili maji yasitoke. Ukingo huo wa sentimita 5 au 10 ndio unaomkwaza mtu anayeburuta mguu baada ya kiharusi, tena akiwa na maji miguuni. Sakafu yenu iwe sawa kutoka ukumbini hadi ndani. Ikilazimu kuwa na tofauti, isizidi milimita 13, na ukingo wake ukatwe mshazari. Maji yazuiwe na mteremko: sentimita 2 kwa kila mita katika eneo la shawa, wote ukielekea kwenye mfereji mrefu wenye wavu uliowekwa chini ya ukuta wa nyuma, mbali na mlango. Mteremko ukizidi hapo, kiti cha magurudumu kitaanza kujiendea chenyewe na kikao cha plastiki kitayumba. Chini ya wavu kuwe na gali trapu inayobakiza maji ya kuzuia harufu, na iwe rahisi kufunguliwa na kusafishwa, kwa maana nywele na sabuni zitaiziba.

Kabla ya vigae, sakafu nzima ipakwe dawa ya kuzuia maji kupenya, ipande ukutani sentimita 15 kila upande, na kwenye shawa ifike juu ya kichwa. Kisha mzibe mfereji, mfurishe sakafu maji kwa saa 24, na mwangalie kama yamepungua. Fundi atalalamika kwamba unamchelewesha, mwache alalamike. Bafu lisilo na ukingo likivuja, maji huloa chini ya nyumba, na katika tambarare za kuelekea Ahero, ambako udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uvujaji wa aina hiyo unaweza kupasua ukuta.

Kuhusu vigae vyenyewe, usinunue vinavyong'aa hata kama vinavutia dukani. Mwombe muuzaji akimwagie kimoja maji na sabuni, kisha ukisugue kwa soli na kwa mguu mtupu. Katika eneo la shawa, vigae vidogo vya sentimita 10 kwa 10 au chini ya hapo hushika mguu vizuri zaidi kwa sababu ya wingi wa maungio yake, na pia huufuata mteremko bila kukatwakatwa. Rangi ya sakafu itofautiane na ya ukuta, na kifuniko cha choo kitofautiane na vyote viwili. Choo cheupe mbele ya ukuta mweupe juu ya sakafu nyeupe ni taabu kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, kwani haoni mahali pa kuketi. Mikeka ya kuwekwa juu ya vigae iondoke kabisa.

Vyuma vya kushikia vina nafasi yake, ila chuma ni imara kadiri ya ukuta wake. Kanuni za Marekani hudai kihimili takribani kilo 113, na kiwango hicho ni cha busara, kwa kuwa mtu anayeanguka huvuta kwa uzito wake wote kwa ghafla. Mawe ya kuchonga yaliyo magumu hushika boliti za kupanuka vizuri. Matofali laini ya kuchoma humomonyoka, na bloku zenye uwazi ndani hazina cha kushika. Kwa kuwa plasta yenu itabanduliwa hata hivyo, chimbeni sehemu ambazo vyuma vitakaa na mzijaze zege lenye bamba la chuma ndani yake, kabla ya kupaka plasta mpya. Fanyeni hivyo pande zote mbili za choo na kuta zote za shawa, hata mahali ambapo leo hamhitaji chuma. Pigeni picha zenye futi ya kupimia ukutani, ili miaka kumi ijayo mjue mahali pa kutoboa bila kuvunja vigae. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ile ya kuja kubomoa.

Vyuma vyenyewe si lazima vitoke ng'ambo. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanaweza kukutengenezea vizuri sana ukiwapa vipimo: bomba la mviringo lenye kipenyo cha milimita 32 hadi 38, la chuma kisichoshika kutu, lenye kitako cha matundu matatu au manne kila mwisho, ncha zisizokwaruza, na nafasi ya milimita 38 kati ya bomba na ukuta. Nafasi hiyo inatosha ngumi kushika, na ni finyu vya kutosha mkono usipenye hadi kwenye kiwiko ukanaswa mtu anapoteleza. Chuma cha kulala kando ya choo, kanuni hizohizo hukiweka sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, lakini urefu huo haumfai kila mama. Mketishe kwenye kiti cha urefu uleule wa choo, mwombe ajisukume kuinuka, na utie alama mahali kiganja chake kinapotafuta. Ongezeni kingine cha kusimama wima mbele kidogo ya choo cha kujivutia, na upande wa kushoto chuma cha kukunjwa kuelekea ukutani, ambacho ndugu yako atakishusha akishahama. Reli ya taulo nayo ifungwe kwa uimara uleule, kwa sababu anayeteleza hachagui cha kushika. Kabla mama hajavitumia, wewe ujining'inize kwenye kila kimoja.

Vyoo vingi vya madukani vina kikao cha chini ya sentimita 41. Kwa mguu dhaifu hapo ni chini mno. Lengeni sentimita 45, ambazo pia zinakaribia kikao cha kiti cha magurudumu, kwa kujenga jukwaa dogo la zege chini ya choo lisilotokeza nje ya kitako chake, vidole vya miguu visije vikajigonga. Mtoto wa miaka 4 apewe kistuli kipana chenye mpira chini na kikao kidogo cha kuweka juu ya kile kikubwa.

Maji yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa vielelezo vingi vya mabafu ya aina hii vimeandikwa kwa nchi ambako bomba halikauki. Hapa kwetu familia yenye shawa nzuri bado huoga kwa beseni na kopo siku ambazo bomba limekauka. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mama hawezi kuiinua wala hapaswi kujaribu. Kwa hiyo jengeni kibao cha zege kando ya kikao cha shawa, upande wa kulia, chenye kimo cha sentimita 45 hivi na upana wa kutosha beseni, na juu yake bomba litakalolijaza beseni palepale. Mama ataketi, atachota bila kuinama, na maji machafu yatafuata mteremko. Shawa yenyewe iwe ya kushikwa mkononi, yenye mpira wa mita 1.5 au zaidi, ikining'inia kwenye reli ya wima anayoweza kuishusha au kuipandisha akiwa ameketi. Watoto wataishusha, nawe utaipandisha. Tangi likae juu kadiri iwezekanavyo, kwani kila mita moja ya kimo huongeza shinikizo la baa 0.1 tu, na vichwa vingi vya shawa vya umeme havitawaka maji yakija kwa unyonge.

Nikitaja umeme, sina budi kuwa mkali. Kichwa cha shawa kinachopasha maji papo hapo chenye wati 5,000 huvuta ampea 21 hivi. Kisiunganishwe kwenye waya wa taa, kama nilivyoona katika nyumba nyingi. Kiwe na waya wake, kwa kawaida wa milimita mraba 6, swichi yake ya kujizima, waya wa ethi unaofanya kazi kweli, na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Mtu aliyeketi kwenye maji, asiyeweza kuruka kando, yumo hatarini kuliko aliyesimama. Fundi awe mwenye leseni.

Joto la maji nalo lina hatari ambayo familia za waliopata kiharusi hazielezwi mara nyingi. Upande uliodhoofika huenda usihisi moto. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takribani sekunde tano, na ngozi ya mzee au mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kama mna mtambo wa jua juu ya paa, wekeni vali ya kuchanganya maji iliyofungwa isipitishe zaidi ya nyuzi 43. Na mama azoee kuyapima maji kwa mkono wa kulia kabla ya kujimwagia, mtambo uwepo usiwepo.

Sinki litundikwe ukutani bila nguzo, ukingo wake ukiwa kati ya sentimita 80 na 85, na chini yake magoti ya ndugu yako yapate sentimita 70 za kupita. Bomba liwe la mkono mrefu wa kuinua, linaloendeshwa hata kwa kiwiko. Swichi ya taa iwe kimo cha mita moja, ambacho mtoto hufikia, na balbu moja iwe ya kujichaji, kwa sababu umeme hukatika hasa pale mzee anapoamka usiku kwenda haja.

Umesema hutaki wodi. Msanifu majengo wa Marekani Ron Mace, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, alikuwa na wasiwasi huohuo. Ndiye aliyelipa jina wazo la kusanifu kwa ajili ya watu wote tangu mwanzo badala ya kuwabandikia walemavu vifaa vyao baadaye, na mwaka 1997 kundi aliloliongoza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina lilitoa kanuni zake saba. Kinacholifanya bafu lionekane kama wodi ni vifaa vilivyoongezwa juu ya chumba kisichovitarajia. Chumba chenye sakafu moja isiyokatika, shawa iliyo wazi, kikao cha mbao ngumu kinachokunjwa na vyuma vya rangi moja na mabomba hupendeza, na mgeni hatajua kilijengwa kwa ajili ya nani.

Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, chukua chaki uchore mpangilio huu wote uani kwa vipimo kamili. Weka kiti mahali pa choo na kiti kingine mahali pa shawa, kisha mwombe mama aupitie mzunguko wote kwa fremu yake, na ndugu yako vivyo hivyo akija. Mtaalamu wa tiba-kazi au wa tiba ya viungo anayemhudumia mama hospitalini akiweza kufika siku hiyo, itakuwa bora zaidi, kwa kuwa yeye atajua kama nguvu za mkono wa kushoto zinatarajiwa kurudi. Futa na uchore upya mpaka wote waridhike, ndipo umwite mwashi.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini mama bila shaka atataka kwenda nyumbani kijijini kwa sikukuu au matanga, na huko huenda choo ni cha shimo cha kuchuchumaa. Kwa mguu ule hataweza. Jengeni kikao cha matofali cha sentimita 45 juu ya tundu, chenye kifuniko, au mchomelee fremu ya chuma yenye kikao inayosimama juu ya tundu na kuondolewa wengine wanapokitumia. Wekeni chuma kuliani, panueni mlango, na ngazi mzigeuze kuwa mteremko wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ngazi tatu za sentimita 15 zitahitaji mita 5.4. Njia ya kutoka nyumbani hadi chooni isawazishwe na kuwekewa kamba au reli ya kushika upande wake wa kulia anapokwenda na upande wa pili wa njia, utakaokuwa kuliani kwake anaporudi.